Televisheni ya bei nafuu: Kwanza itafutwe sababu ya unafuu

Imani kwamba televisheni ni rahisi zaidi Unguja kuliko kwingineko Afrika Mashariki imeishi muda mrefu kuliko sababu zilizoizaa. Mkazi wa Fumba anayepanda daladala kwenda mjini na akiba ya miezi minane mfukoni huenda nayo. Mchuuzi wa Dar es Salaam anayevuka kwa boti kutafuta mzigo huja nayo pia. Wote wawili hufika Darajani au Mlandege na kukuta televisheni mbili za inchi sawa zimewashwa ubavu kwa ubavu. Picha zinafanana, rangi zinafanana, na tofauti ya bei ni laki moja na nusu. Hapo swali la kujiuliza ni moja: ni nani aliyelipia tofauti hiyo, na kwa nini?

Imani hiyo ilikuwa na msingi wake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ilhali vituo binafsi vya kwanza vya Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Biashara ilipolegezwa Visiwani katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai zilimiminika, na ushuru wa hapa ulikuwa mdogo kuliko wa Bara. Vituo vya Bara vilipofunguliwa, wateja walikuwa tayari na bidhaa zilikuwa ng'ambo ya pili ya maji. Abiria alishuka bandarini Dar es Salaam na boksi la televisheni begani, na hata baada ya kugombana na watu wa forodha alibakiwa na faida.

Tofauti hiyo ya ushuru ilikuwa ndiyo mtaji wa biashara nzima. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, ushuru wa pamoja ulipangwa katika ngazi tatu, sifuri, asilimia 10 na asilimia 25, na Zanzibar imo ndani yake sawasawa na Bara, Kenya na Uganda. Bidhaa iliyokamilika, kama televisheni iliyomo ndani ya boksi tayari kuwashwa, iliwekwa kwenye asilimia 25. Mwaka 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa, hivyo mwenye kuagiza mzigo mkubwa athibitishe kiwango kwa wakala wake wa forodha kabla ya kutuma fedha.

Kilichobaki kuwa tofauti ni kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango cha kawaida ni asilimia 15 Zanzibar na asilimia 18 Bara. Tuchukue mfano wa televisheni ambayo gharama yake hadi kufika bandarini, pamoja na bima na usafirishaji, ni shilingi 300,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 75,000, jumla inakuwa 375,000. Zanzibar itaongezwa VAT ya 56,250 na kufika 431,250. Bara itaongezwa 67,500 na kufika 442,500. Tofauti ni shilingi 11,250. Tozo ndogo ndogo za bandarini hazimo katika hesabu hii, lakini picha inaonekana: nauli ya boti peke yake inatosha kuimeza tofauti hiyo, na bado hujala wala hujalala.

Aidha, mzigo ulioingilia Zanzibar na kuvushwa kwenda Bara umekuwa kwa miaka mingi ukithaminiwa upya na kudaiwa tofauti ya kodi, jambo lililowekwa hata katika orodha ya kero za Muungano. Mchuuzi anayejenga biashara yake juu ya kupita bila kuonekana hana biashara. Ana bahati, nayo haikopesheki benki.

Kutoka katika mfano huo mnunuzi anapata kipimo. Ikiwa televisheni mpya ya aina ile ile haiwezi kutoka bandarini chini ya laki nne na thelathini, halafu duka linaiuza laki tatu, basi iko sababu. Huenda sababu ni nzuri. Mara nyingi si nzuri. Kazi ya mnunuzi ni kuijua kabla fedha hazijabadilisha mikono.

Fumba na dhana ya bidhaa zisizo na ushuru

Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa Fumba ni eneo huru la kiuchumi, iko siku televisheni zitauzwa humo bila ushuru kwa kila mtu. Ni kweli kwamba Fumba ilitengwa kwa ajili hiyo mwaka 1992, na kwamba katika miaka ya karibuni viwanda na nyumba za kisasa vimeota pale ambapo zamani palikuwa na minazi na mawe. Lakini eneo huru ni huru kwa mwekezaji anayezalisha kwa ajili ya kusafirisha nje. Bidhaa inapotoka nje ya uzio na kuingia katika soko la ndani, inahesabiwa kama iliyotoka ng'ambo na inalipiwa ushuru wake. Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki huweka hata kikomo cha kiasi kinachoweza kuuzwa ndani, ambacho kwa kawaida ni asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba televisheni fulani "imetoka zoni, ndiyo maana rahisi" aombe karatasi za forodha. Ikiwa hazipo, anachouziwa ni ama hadithi, ama mali ya magendo ambayo inaweza kuchukuliwa akiwa tayari ameshailipia.

Sababu nzuri na sababu mbaya

Wauzaji wa siku nyingi wanazijua sababu nzuri, na hawazifichi wakiulizwa kwa adabu. Ya kwanza ni modeli ya mwaka uliopita. Kampuni kubwa kama Samsung, LG, Hisense na TCL hutoa modeli mpya kila mwaka, na mwenye duka aliyebakiwa na boksi sita za zamani anataka zitoke ili fedha yake izunguke. Kwa mtazamaji wa kawaida wa taarifa ya habari na mpira, tofauti ya modeli ya mwaka jana na ya mwaka huu haionekani kwa macho. Hii ndiyo nafuu ya kweli kuliko zote sokoni, na inashangaza jinsi wanunuzi wanavyoipita wakikimbilia majina wasiyoyajua.

Ya pili ni boksi lililochanika au kulowa huku chombo chenyewe ni kizima. Ya tatu ni televisheni iliyokuwa ikiwashwa dukani kwa maonyesho. Hii ina masaa mengi mgongoni, kwa hiyo punguzo lake liwe la kuonekana, na waranti ianze kuhesabiwa siku ya mauzo. Ya nne ni msimu. Bei husimama kabla ya mashindano makubwa ya mpira na kabla ya sikukuu. Mwenye haraka ya kununua wiki ya ufunguzi wa Kombe la Dunia analipia haraka yake. Mwenye subira hununua baada ya fainali, wakati maduka yanapotaka kumaliza mzigo.

Sababu mbaya ni nyingi zaidi. Iliyo kubwa ni kioo. Kioo ndicho kinachochukua sehemu kubwa ya gharama ya televisheni ya kisasa, na viwanda huvipanga kwa madaraja baada ya ukaguzi. Vyenye kasoro ndogo, kivuli pembeni, nukta zilizokufa, mwanga usiolingana, huuzwa kwa bei ya kutupa kwa waunganishaji wanaobandika jina lolote. Kingine ni taa za nyuma. Waunganishaji wa bei ya chini huziendesha kwa nguvu kupita kiasi ili picha ing'ae dukani, nazo huungua mapema. Televisheni hiyo itang'aa kuliko ya jirani siku ya kununuliwa, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili sauti inabaki na picha inaondoka. Mafundi wa mjini wanakijua kilio hicho vizuri: "inasema lakini haioneshi."

Halafu kuna udanganyifu wa maneno. Boksi linaandikwa 4K kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za sisimizi imeandikwa kwamba inapokea 4K, maana yake inaikubali kisha inaipunguza kwa kuwa kioo chenyewe hakina uwezo huo. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160. Cha Full HD 1,920 kwa 1,080. Cha HD ya kawaida katika televisheni nyingi ndogo 1,366 kwa 768. Muuzaji aulizwe namba hizo, siyo majina. Hata inchi hupimwa. Inchi moja ni sentimita 2.54, na kipimo huchukuliwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, bila fremu. Inchi 32 ni karibu sentimita 81, inchi 43 ni karibu 109, inchi 55 ni karibu 140. Futi ya fundi cherehani inatosha kumaliza ubishi.

Mitumba ya Ulaya na Ghuba

Soko la televisheni zilizotumika lina watetezi wake Unguja, nao hawakosei moja kwa moja. Televisheni ya kampuni yenye jina, iliyotumika miaka mitatu katika nyumba ya Muscat au London, inaweza kuwa na kioo bora kuliko mpya ya jina la kubuni. Umeme wa Oman na Uingereza unaoana na wetu, na plagi yake ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Iliyotoka Marekani ni jambo jingine: umeme wa huko ni wa volti 120 na mfumo wake wa matangazo si wetu. Nyuma ya televisheni kuna kibandiko. Kikisema 100-240V, itawaka hapa bila shida. Kikisema 120V peke yake, isiguswe na plagi.

Tatizo la mitumba ni kwamba bei hupangwa kwa ukubwa wa kioo, siyo kwa umri wala aina. Ndiyo maana televisheni za plasma, ambazo kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza karibu mwaka 2014, bado zinaonekana kama bahati: inchi 42 kwa bei ya inchi 24. Plasma hula umeme. Ya inchi 42 inaweza kuvuta wati 250, wakati LED ya inchi 43 inavuta kama wati 80. Kwa saa sita kila siku, ya kwanza inakula uniti 547 kwa mwaka na ya pili uniti 175. Tofauti ni uniti 372. Kila mmoja azidishe kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake ya Tukuza. Kwa mfano wa shilingi 250 kwa uniti, ni shilingi 93,000 kila mwaka zinazotoka bila mtu kuziona.

Zile za kichogo, zenye kioo kizito chenye risasi ndani yake, zimepoteza thamani kabisa kibiashara. Uganda ilipiga marufuku uingizaji wa televisheni, friji na kompyuta zilizotumika kwa uamuzi uliotangazwa katika bajeti ya mwaka 2009, hoja kubwa ikiwa ni taka. Mfanyabiashara anayepewa kontena zima la mitumba ya umeme kwa bei ya ajabu ajiulize kama analetewa bidhaa au anaondolewa mtu taka zake. Kisiwa hakina mahali pa kuzitupa.

Umeme unaotua Fumba

Kwa mnunuzi wa Fumba liko jambo la ziada, nalo liko mlangoni pake. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kuanzia Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kuanzia Mei hadi Juni, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa gizani miezi mitatu. Waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia mfuko wa MCC, ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu sana.

Hata hivyo, televisheni haiuawi na giza. Inauawa umeme unaporudi. Volti hupanda ghafla kwa sekunde chache, na chombo kilichoachwa kwenye soketi hupokea pigo hilo lote kwenye bodi yake. Madukani huuzwa vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya. Gadi hukata umeme ukizidi au ukipungua kupita mpaka, halafu husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuachia tena. Stabilaiza hujaribu kuunyoosha umeme wenyewe, na ni ghali zaidi. Televisheni nyingi za sasa zinavumilia volti za chini bila taabu, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida gadi nzuri inatosha na stabilaiza ni fedha ya bure. Siku za masika yenye radi, waya wa antena au wa dishi nao uchomolewe. Radi haina haja ya kupita kwenye soketi.

Na kuna bahari. Hewa ya chumvi katika rasi kama Fumba hula chuma, na nyuma ya televisheni kuna viunganishi vingi vya chuma. Isitundikwe mkabala na dirisha la upande wa pwani. Kioo kifutwe kwa kitambaa kikavu na laini.

Hesabu ya mwaka badala ya hesabu ya siku

Televisheni ya shilingi 280,000 isiyo na waranti, ikidumu miaka miwili, imegharimu 140,000 kwa mwaka. Ya 420,000 pamoja na gadi ya 40,000, ikidumu miaka mitano, imegharimu 92,000 kwa mwaka. Umri huo ni wa kukisia, na kila mnunuzi anaweza kubadilisha namba apendavyo, lakini ni vigumu kuzipanga hadi ile ya kwanza ishinde kwa mtu anayekusudia kuangalia kila siku. Inashinda kwa mtu mmoja tu: anayeihitaji kwa muda mfupi, kama mpangaji anayejua kwamba mwakani anahama.

Hesabu ni kali zaidi kwa mwenye banda la kuonesha mpira, biashara ambayo vijana wengi wa mashamba huiona kuwa mlango wa kwanza wa kujiajiri. Tuseme televisheni ya inchi 55 na gadi yake vimegharimu 1,200,000. Watazamaji 30 kwa shilingi 500 kila mmoja ni 15,000 kwa mechi, na kwa mechi mbili za maana kila wiki ni 30,000. Ondoa malipo ya king'amuzi, umeme, pango la banda na kijana wa mlangoni, ibaki 15,000. Mtaji unarudi baada ya wiki 80, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Waranti ya kawaida ni miezi 12.

Hapo ndipo mabanda mengi hufia. Kwa zaidi ya miezi sita mwenye banda anabeba hatari yote peke yake, chombo kikiwa hakijarudisha fedha yake na dhamana ikiwa imekwisha. Kwa mtu huyu, televisheni iliyo ghali kwa laki moja zaidi lakini yenye waranti ya miezi 24 ndiyo iliyo rahisi, kwa kuwa wiki 80 zinaingia ndani yake na nafasi inabaki. Asome vilevile maandishi madogo: waranti nyingi hutolewa kwa matumizi ya nyumbani, na mkataba wa king'amuzi cha nyumbani hauruhusu kutoza watazamaji. Kampuni za ving'amuzi zina vifurushi vya biashara. Vinaongeza gharama, na hesabu ya wiki 80 itarefuka. Ni bora irefuke kwenye karatasi kuliko kufungiwa king'amuzi dakika ya kumi ya fainali.

Mchuuzi anayenunua kwa jumla ana hesabu yake fupi. Akichukua televisheni kumi kwa 400,000 na kuuza 440,000, faida ni 40,000 kwa kila moja. Moja ikipasuka kioo njiani, tisa zilizobaki zinampa faida ya 360,000 na iliyovunjika inamla 400,000. Ametoka na hasara ya 40,000 baada ya kuuza tisa. Bima ya mzigo, au angalau makubaliano ya maandishi na mwenye gari kuhusu kioo kilichopasuka, ni sehemu ya bei ya kununulia.

Dukani, kabla ya kulipa

Chombo kifunguliwe mbele ya mnunuzi, kile kile atakachochukua, siyo ndugu yake aliyetundikwa ukutani. Namba iliyo nyuma ya televisheni ilingane na ya kwenye boksi. Iwashwe na kuonesha rangi moja tupu, nyeupe, kisha nyeusi, kisha ya kijivu. Picha za mpira wa Ulaya ambazo duka huziweka zina rangi nyingi kiasi kwamba zinaficha doa lolote. Kila tundu la HDMI na la USB lijaribiwe. Iachwe ikiwaka kwa nusu saa.

Mtangazaji wa duka atasifu "smati". Programu za televisheni zisizo na jina huacha kufanya kazi mapema kwa sababu hakuna anayezihuisha, na wakati mwingine YouTube yenyewe hugoma baada ya miaka miwili. Mnunuzi ambaye nyumbani kwake hana intaneti ya kudumu anaweza kuacha smati kabisa na kuiweka tofauti hiyo ya bei kwenye kioo bora. Muhimu zaidi kwake ni herufi DVB-T2 kwenye orodha ya sifa, kiwango cha matangazo ya ardhini ya kidijitali kilichochukuliwa na nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na maeneo mengine yakafuata, kwa hiyo televisheni yenye mapokezi ya analojia peke yake itategemea king'amuzi maisha yake yote. Kabla ya kununua antena, ni busara kumwuliza jirani wa Fumba chaneli zipi anazipata na ameielekeza wapi.

Mazungumzo ya bei yaende na waranti kwa pamoja. Mnunuzi kijana akimwambia mwenye duka mtu mzima, "Ami, nipunguzie ishirini," mara nyingi atajibiwa, "Mwanangu, hapo hapana kitu, nimeshakupa ya mwisho." Ombi linalozaa matunda zaidi ni jingine: "Basi Ami, bei naikubali, lakini niandikie kwamba ikiharibika unaipokea wewe hapa hapa." Kwa muuzaji wa mzigo mzuri ombi hilo halina gharama yoyote. Kwa mwenye mzigo mbaya ni ghali mno, naye ataanza kuzungukazunguka. Jibu lake ni habari ya soko kuliko kibandiko chochote.

Maandishi hayo yawe na namba ya chombo, tarehe, muda, muhuri wa duka, na jina la anayelipa usafiri ikiwa fundi wa kampuni yuko Dar es Salaam. Karakana nyingi za kampuni kubwa ziko Bara, na waranti isiyosema nani anagharamia boti huishia kuwa nusu waranti. Risiti ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar idaiwe hata kama muuzaji anatoa punguzo kwa asiyeitaka. Asiye na risiti hana ushahidi kwamba alinunua, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar haitakuwa na pa kuanzia akienda kulalamika.

Mwisho ni safari ya kurudi Fumba. Televisheni bapa hubebwa ikiwa imesimama. Ikilazwa juu ya kiti cha daladala na mfuko wa mchele ukawekwa juu yake, hakuna waranti itakayolipa. Gari ya kukodi kwa siku moja ni sehemu ndogo ya bei ya kioo. Ikifika, iwashwe siku hiyo hiyo, na boksi pamoja na maboya yake yawekwe darini hadi waranti iishe, kwa kuwa maduka mengi hukataa kupokea chombo kilichorudishwa kikiwa uchi.